Matairi Kwenye Ziwa Nzilo

Jumatatu, 4 Machi
Ziwa limekula ukingo wangu tena. Mvua na upepo wa juma zima, na asubuhi hii nguzo moja ya payoti yangu ilikuwa inaning'inia hewani. Niliacha lori na safari za Lubudi ili niwachomee watu wa Kolwezi samaki chini ya kibanda hiki cha nyasi, kando ya maji. Sasa maji yanakuja kula kabla ya wateja. Ukingo wa jirani yangu Mama Bilkisi haujapoteza hata konzi ya udongo. Ana nyasi ndefu mpaka majini. Ana wateja pia. Inaudhi.

Jumanne, 5 Machi
Injenia Odile wa ofisi ya mazingira ameita wenye viwanja wote. Aliingia matopeni mpaka magotini bila kusita. Nikamheshimu papo hapo. Anataka tupande matete pamoja, ukingo wote. Wenye majumba ya ghorofa walinung'unika. Akawasikiliza mmoja mmoja mpaka wakakosa la kunung'unikia. Mimi niliomba jambo dogo tu: kwa kuwa ziwa linanichukulia mbele, serikali inipimie ardhi nyuma. Akanijibu taratibu, "Tata Hamadi, nyuma yako ni barabara ya batu." Barabara ya watu, si ya kupimiwa mtu. Wote walicheka. Mama Bilkisi alificha uso kwenye kitenge.

Jumatano, 6 Machi
Matete huchukua miezi. Mimi nina matairi ya lori. Nimeyapanga kutwa nzima, moja juu ya jingine, nikayafunga kwa kamba. Ukuta wa fahari. Mke wangu Malaika aliuliza kama tairi si kitu kilichotengenezwa kwa kuviringika. Nilimweleza: barabarani.

Ijumaa, 8 Machi
Upepo mkali tangu alfajiri. Kamba zimekatika. Matairi yameviringika mpaka kwa Mama Bilkisi na kupasua mtumbwi wake, ule unaomletea samaki. Pale ukuta uliposimama, maji yamechimba shimo. Payoti yangu imelala ziwani. Nilijifungia ndani nikitafuta maneno ya kuulaumu upepo. Mama Bilkisi akabisha hodi. "Tata Hamadi, kuya tutoshe ile mapine mbele upepo irudie." Tukayatoa matairi kabla upepo haujarudi, mimi na yeye, tumelowa chapachapa. Mtumbwi hakuutaja. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi
Injenia Odile amekuja na majirani wote. Nilidhani nafukuzwa. Kumbe wamebeba matete. Amesema mbele ya maji viwanja havina mipaka, pengo la mmoja ni pengo la wote: "Mayi haiangaliaka mupaka ya parcelle." Wakaanza kupanda kwangu, kabla ya kwao. Hata wale wa majumba ya ghorofa walibeba mabegani, viatu vyao vizuri vikazama. Mama Bilkisi alinionyesha namna ya kuikandamiza mizizi kwa kisigino. Matairi yamejazwa udongo na kuwekwa nyuma ya matete, tuoteshee miche. Nimempa mtumbwi wangu autumie mpaka wake utengenezwe. Nilitaka kuwashukuru wote kwa hotuba. Nikachoma samaki.

Jumapili, 2 Juni
Matete yamenipita kimo. Upepo wa kiangazi umevuma juma zima na ukingo haukutikisika, kuanzia kwangu mpaka kwa jirani wa mwisho. Injenia Odile alipita, akatabasamu, akaenda zake kuwasaidia watu wa upande wa pili. Sijaona mtumishi wa serikali kama yule. Na Mama Bilkisi, sina neno la kumtosha. Nimeyaamini matete kabisa.

Tatizo ni moja. Mteja akikaa kwenye payoti yangu mpya, haoni ziwa. Kwa hiyo leo, majirani wakiwa kanisani, nimekata matete kidogo. Mlango tu, upana wa meza mbili. Malaika anasema maji nayo yatautumia mlango huo.

Nimemweleza kwamba maji hayajui ulipo.