Forodha ya Jamaika Yafika Ngombezi

Ponsiano alikuwa ameketi stesheni ya Korogwe, tumbo tupu na maneno tele, aliposikia wakata mkonge wawili wakisema kwamba wangepata nchi nyingine yenye kazi, wangeondoka hata kesho. Tumbo likanguruma, akili ikaamka.

Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na habari za meli na nchi za mbali zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Jumapili akaibuka Ngombezi, kwenye kambi ya wakata mkonge, na kofia ya baharia kichwani.

"Meli ya Jamaika inakuja Tanga!" akatangaza. "Huko kazi ni kukata miwa. Ukisikia njaa, unatafuna kazi yako!"

Watu wakashangilia. Nani amewahi kutafuna mkonge?

"Nauli je?" akauliza Mhina, mkata mkonge hodari kwa panga na mzito wa kufikiri.

"Bure! Ila kuna forodha." Ponsiano akashusha sauti kama padre anayetaja jehanamu. "Nguo ulizovaa zinapita. Jembe lililotumika linapita. Bali kuku, mbuzi, asali, mbegu, marufuku! Wanaogopa magonjwa. Ukikutwa na yai mfukoni, unarudi kwa kuogelea."

"Mifugo yetu tuifanyeje?"

"Niachieni mimi niwatunzie."

Tamaa haina macho, lakini miguu inayo. Kabla ya magharibi Ponsiano alikuwa na mbuzi na kuku wa kutosha kufungua mnada. Mhina naye alimpeleka mbuzi wa maziwa, yule aliyekuwa akimlisha mtoto wao mchanga, bila kumwambia mkewe.

Mkewe, Efrazia, alirudi kutoka mtoni akakuta kamba tupu. Jirani akamweleza habari ya Jamaika, na kwamba Ponsiano angeswaga mifugo kesho kwa njia ya Handeni. Alimbeba mtoto mgongoni, akaenda kwa Saning'o, mfugaji wa Handeni aliyezoea kununua maziwa kwake njiani akienda mnadani, na siku ile alikuwa amepiga kambi jirani.

"Kaka, una koti la kaki?"

"Ninalo."

"Na sauti kali?"

"Waulize ng'ombe wangu."

Kesho yake Ponsiano aliswaga mali yake kwenye njia ya Handeni, akipiga mluzi. Alipofika kwenye josho, lile birika refu la dawa ya kuogeshea ng'ombe, mtu wa koti la kaki akamzuia. Kando yake alisimama mwanamke aliyejiziba pua kwa kanga.

"Simama! Mifugo inatoka wapi?"

"Ngombezi, bwana mkubwa."

"Ngombezi kuna ugonjwa! Karantini!"

"Lakini mimi ni bwana forodha…"

"Vizuri, basi sheria unaijua. Mnyama hapiti, na aliyemgusa hapiti mpaka aoge. Vua!"

"Nguo nilizovaa zinapita!" Ponsiano alilia.

"Huko kwenu. Ingia!"

Akaingia, dawa ikamfika kidevuni. Saning'o akamwamuru azamishe kichwa, na kila alipoibuka akaambiwa bado, kichwa hakijatakata. Mara ya mwisho alipoibuka, hapakuwa na mtu, mbuzi wala suruali. Wapita njia wa siku ile wanasimulia hadi leo juu ya mtu aliyekimbilia vichakani amevaa jani la mgomba.

Huko Ngombezi, kila mtu alimpata mnyama wake, na kila mtu aliapa hakuwahi kutaka kwenda Jamaika. Mhina alijificha nyuma ya nyumba mpaka njaa ikamtoa.

"Mke wangu," akasema, "tusameheane."

Efrazia alikuwa akimkamua mbuzi. Hakugeuka.

"Mbuzi leo analala ndani," alisema. "Kuhusu wewe, bado nafikiri."