Kuku Wawili wa Bibi Hadija

Leo nimeaibika. Mchana kweupe, tena nikiwa nimechomekea shati.

Kuna mradi umekuja huku kwetu Mtinko kugawa kuku kwa kaya maskini, ukawa unatafuta mwenyeji wa kuzitambua. Nikajitokeza. Mimi ambaye sokoni nahesabu fungu la nyanya mara mbili mpaka muuzaji ananiongezea moja ili niondoke, nani atanidanganya kuhusu umaskini?

Bosi, Dada Neema, alitoka Singida mjini. Akaniambia wazi, "Leo nakujaribu kwa kaya moja tu. Ukipatia, nakupa kata nzima." Kata nzima! Na pikipiki ya mradi! (Njiani nilishaanza kuchagua rangi ya helmeti.)

Nikampeleka moja kwa moja kwa Bibi Hadija, kitongoji cha pili. Nyumba ya tembe, paa la udongo. Mabati: sifuri. Nikaenda zizini nikahesabu ng'ombe: sifuri. Nikahesabu tena. Sifuri. (Sijui nilitegemea wamezaliana.) Bibi mwenyewe yuko peku, khanga imechanika, anapepeta uwele. Nikajaza fomu: MASKINI SANA. Nikapiga mstari chini. Miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikatoa hotuba. Nikasema umaskini si aibu. Nikasema kuku wawili ni mwanzo wa safari. Majirani walishajaa uani, wanatazamana kwa namna niliyodhani ni furaha.

"Sihitaji kuku," bibi akasema. "Wapeni wengine."

Nikamnong'oneza Dada Neema kwamba maskini wa kweli ndivyo walivyo, wana haya. Nikakomaa.

"Chukua, bibi. Ni wa kienyeji kabisa."

"Huyo mmoja anachechemea."

"Uchovu wa safari tu."

Akaacha ungo. Akanitazama usoni. "Hebu ngoja. Wewe si mtoto wa Zaituni?"

"Ndiye mimi."

"Ng'ombe wangu wa pembe moja hajambo? Maziwa yanawatosha?"

Jamani.

Pembe moja ndiye tunayemkamua nyumbani. Chai yangu ya asubuhi ilitoka kwake! Mama aliwahi kusema tumewekeshwa na bibi mmoja wa kitongoji cha pili: sisi tunamtunza na kunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Sikuwahi kuuliza bibi yupi. (Nilikuwa nahesabu vikombe.)

Jirani mmoja akadakia, "Mimi nina ng'ombe wake watatu."

"Kwangu wanne," akasema mwingine, "na dume la kulimia."

Wakaendelea. Nilipofika kumi na saba nikaacha kuhesabu, mara ya kwanza maishani mwangu. Huku kwetu mwenye ng'ombe hawarundiki zizi moja. Ugonjwa ukiingia, wamekwisha wote. Anawatawanya kwa watu, na watoto wa watu wanakunywa maziwa. Kila mtoto wa hapa analijua hilo. Mimi ni mtoto wa hapa.

"Na mabati, bibi?" Dada Neema akauliza kwa heshima mpya.

"Ya kunipika mchana? Niliwaezekea wajukuu."

Dada Neema akachukua fomu yangu, akakata jina la bibi taratibu. Akanigeukia.

"Nyumbani kwenu mna ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

"Wa kwenu?"

Nikatazama viatu vyangu. Akaandika jina langu mahali pa la bibi. Watu walicheka mpaka ungo ukapinduka.

Bibi akanionea huruma. "Haya, leteni hao kuku, msije mkasema nina kiburi." Akawapokea, akawapima uzito kwa mkono, kisha akanirudishia. "Nenda nao kwenu, mjukuu wangu, unitunzie. Mayai kuleni. Vifaranga ni wangu."

Pikipiki imerudi mjini na Dada Neema. Mimi nimetembea, kuku mmoja kila kwapa, nikipita mbele ya watu wote niliotaka kuwaandika maskini. Naomba anayecheka acheke polepole, huyu anayechechemea anashtuka.

Nimefika nyumbani, nimewahesabu mara mbili. Ni wawili. Hakuna wangu.