Mkindu Niliompa Jina la Ulaya

Leo nimeadhirika, jamaa zangu wa Bagamoyo. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya boma, mbele ya watu wa sokoni, mbele ya Wazungu wawili na akida. Salamu mtanisamehe. Nikianza kuulizia hali zenu, ujasiri wa kuandika utaniisha.

Mnajua kwamba tangu reli ifike Morogoro na mizigo iache kupanda vichwani mwetu wapagazi, nimepata kazi katika bustani ya boma. Kabla ya hapo nilikuwa katika genge la kuvunja mawe ya barabara, na mgongo wangu haujasahau. Bwana wa bustani, Mjerumani tunayemwita Bwana Miwani, aliniahidi hivi: Profesa wa miti atakuja kukagua. Mambo yakienda vizuri, nitakuwa msimamizi. Yakiharibika, narudi kwenye mawe. Profesa kaja leo.

Sasa sikieni. Miezi miwili nyuma gari la moshi lilileta miche sita ya miti ya jamaa ya mnazi. Haizai nazi, haitoi tembo la kunywa, ni ya pambo tu. (Mzungu anapanda mti wa kuangalia! Haya.) Kila mche ndani ya debe lake, na kila debe na kibati kilichofungwa kwa uzi, kimeandikwa jina la mti. Tena si kwa Kijerumani, maana hicho ningejaribu. Ni Kilatini, lugha ambayo mapadre humsemeshea Mungu.

Mche mmoja ulikufa wiki ya kwanza. Niliuhurumia kwa ile safari ndefu, nikaumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Ukaoza.

Nikaificha habari. Alfajiri moja nikashuka mtoni, nikaona mkindu mchanga kando ya maji, wa sura ile ile ya ule uliooza, mnene, mzuri, na shinani umefungwa utepe mwekundu. Nikasema, tazama, hata umeshapambwa! Nikaung'oa na mizizi yake, nikautia kwenye debe la marehemu. Bwana Miwani alipopita akasema, "Huu unaendelea vizuri sana." Na utepe akausifu. Ningekomea hapo, huenda leo ningekuwa msimamizi.

Jana nikaambiwa niyapake madebe chokaa. Nikavua vibati vyote sita, nikavitia kwenye kofia yangu. Mzee Feruzi, mpishi wa boma, alikuwa anapita na kuku mkononi.

"Kasanda, utajuaje kipi cha mti upi?"

"Mzee wangu, mimi nasoma."

"Unasoma vibati. Miti je?"

Nikamcheka. (Leo simcheki.)

Maana ile miche ikiwa midogo, jamani, yote ni ndugu. Nikaizunguka mara tatu. Mwishowe nikakaa chini nikafikiri kama mtu mwenye akili zake. Kwetu nani ana jina refu? Mkubwa. Mimi ni Kasanda, basi, hakuna cha kuongeza. Akida ana jina lake, la baba yake, la babu yake na la mji wa babu yake. Nikaipanga miti kwa kimo na vibati kwa urefu wa jina, nikafunga kimoja kimoja. Mrefu kuliko wote ulikuwa ule mkindu wangu wa mtoni. Nikautwika Archontophoenix cunninghamiana. Kulisoma tu kunahitaji kupumzika katikati. Nikalala usingizi wa msimamizi.

Leo saa nne Profesa akafika, mzee mfupi mwenye kiko. Mimi nimevaa kanzu nyeupe niliyoiazima. Akida akasimama kando ya mkindu, akaunyooshea fimbo. "Tazameni! Mti huu umevuka bahari! Uluguru nzima haujawahi kuonekana!" Watu wa sokoni, waliokuwa wamekusanywa kushangilia, wakashangilia.

Isipokuwa Bibi Zena. Huyu ni msukaji wa mikeka, Mluguru wa kule Mlali, huja kuuza mikeka yake hapa mjini. Ana kisu cha kukatia ukindu kiunoni, lakini watu huogopa ulimi wake. Akajipenyeza mpaka mbele, akainama, akaushika ule utepe mwekundu.

"Kumbe uko huku!" akauambia mti. Kisha akainuka. "Mti wangu huu! Nimeutafuta mtoni mpaka macho yameniuma. Kauiba nani?"

Nikamwamkia kwanza, adabu ni adabu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwizi ni wewe?"

Hapo nikafunzwa jambo ambalo kila mwanamke wa mtoni analijua, na mimi Mnyamwezi sikuambiwa. Msukaji akichagua mkindu wa kukata majani machanga ya kusukia, huufunga utepe wa rangi yake, na mwenziwe haugusi. Mwekundu ni wa Bibi Zena. Basi nilikuwa nimeiba mali yenye alama ya mwenyewe, nikaisimamisha mbele ya boma mchana kweupe na alama yake!

"Bibi, huu wa Ulaya," nikajitetea. (Mungu anisamehe.) "Tazama kibati."

"Sijui kusoma. Najua kusuka." Akachuma jani, akalichana kwa ukucha, akaanza kusuka pale pale. "Haya. Na huko Ulaya wanasuka hivi?"

Watu wakaangua kicheko. Profesa akachutama, akalishika jani, akautazama mti, akakitazama kibati, akanitazama mimi. Akasema neno moja la Kijerumani. Bwana Miwani akaiva uso mpaka masikioni.

Nikadhani yameisha. Thubutu! Profesa akamwonyesha Bibi Zena mche wa pili, kama anayeuliza. Bibi akapitisha kidole chini ya jani. "Huu jani lake limekunjwa kama mfereji, linashika maji. Ndugu yake mkindu." Akaenda kwa mwingine. "Huu limeinamia chini kama paa, maji yanateleza. Ukoo mwingine." Bwana Miwani akawa anatafsiri, na Profesa akamfuata nyuma, anafungua vibati nilivyofunga na kuvifunga kwingine. Katika mitano, nilipatia mmoja. (Tafadhali uhesabuni.)

Mkononi mwa Profesa kikabaki kile kibati cha jina refu. Bwana Miwani akaniuliza taratibu, na ule utaratibu ndio ulionitisha.

"Mwenye jina hili yuko wapi?"

"Amefariki, Bwana."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Mmemzika wapi?"

"Shimo la mbolea, Bwana."

Akida akasogea kando kama hajawahi kuniona. Askari aliyekuwa nyuma yangu akashika kiboko vizuri. Aliyeniokoa ni yule yule aliyeniumbua.

"Mwacheni huyo!" Bibi Zena akasema. "Mnyamwezi, mtani wangu. Mkimvunja, siku yangu ya kufa nani atakuja kuwatania wafiwa?"

Askari mwenyewe akacheka. Bwana Miwani alipomaliza kutafsiri, Profesa akacheka mpaka kiko kikazima. Nilimpenda yule bibi kwa moyo wote, jamani, karibu nilie. Kisha akaongeza, "Lakini mti wangu aurudishe. Sasa hivi."

Basi nimepita katikati ya soko na debe kichwani, chokaa inabambuka, inanipukutikia kwenye kanzu ya watu. Nyuma wanawake wanapiga vigelegele: "Pisheni, msimamizi anapita!" Mtoni nimechimba kwa mikono, Bibi Zena amekaa juu ya jiwe ananisimamia.

"Chimba zaidi. Kwenu huwa mnazika kuku?"

Hukumu ya Bwana Miwani ni hii: mkindu ukishika, nabaki bustanini, mtu wa kufagia. Ukinyauka, narudi kwenye mawe ya barabara. Na atakayekwenda bomani kusema umeshika au umenyauka ni Bibi Zena. Jioni hii nimeuacha umeinama kidogo. Nilipomuuliza kama ni dalili mbaya, akasema, "Unakuonea haya," akaenda zake.

Chekeni, siwezi kuwazuia nikiwa huku. Ila mkishamaliza, mkikaa kuomba dua, mimi niacheni. Uombeeni mkindu. Ukipona, nimepona.