Saa Moja na Dakika Ishirini kutoka Mwanza

Jumatatu, 4 Agosti

Mambo yamenyooka! Mzee Mabula, baba mkubwa wa Yunis wangu, anakuja Jumamosi kunikagua. Akikubali, naoa. Akikataa, inapokelewa posa ya Hilary wa bodaboda, mwenye meno mengi kuliko akili. Mzee Makoye, baba wa Yunis, kasema kauli ya kaka yake ndiyo ya mwisho.

Mgeni anatoka Mwanza asubuhi kwa ndege. Nikasema mapokezi waniachie mimi, fundi simu. Nikaandika kwenye simu: Mwanza, Ifakara. Jibu papo hapo! Kilomita 755, saa moja na dakika ishirini. Hilary akadai ndege ya abiria ya njia hiyo haipo. Wivu tu. Kama haipo, hizo dakika kazihesabu nani?

Jumatano, 6 Agosti

Nimekagua uwanja. Nyasi, na ng'ombe arobaini. Wa Mzee Makoye! Nikampa shikamoo mbili, nikamwomba Jumamosi awahamishe, kaka yake asije akatua juu ya dume. Alinitazama sana. Kakubali.

Yunis kashauri nimpigie mgeni nimuulize anashukia wapi. Nimpigie mkwe hata hatujaonana? Adabu iko wapi!

Mama atapika wali wa mchele wa Mchombe na samaki kitoga. Nimempa hesabu: ndege inaruka saa nne, inatua saa tano na dakika ishirini, wali uepuliwe hapohapo. Kasema wali hauivi kwa simu. Watu wa zamani.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tano na ishirini. Kwaya ya jumuiya tayari, Mzee Makoye kavaa koti. Anga tupu. Saa saba, tupu. Wali umeshika ukoko. Mzee Makoye kavua koti, na haniangalii tena.

Saa kumi ikaja bodaboda ya Hilary. Nyuma yake Mzee Mabula, vumbi hadi kwenye kope! Kumbe ndege yake ilimshusha Dar jana, akalala, leo kapanda basi. Hilary kamkuta stendi peke yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamsalimu "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi niliyoikariri wiki nzima.

Akauliza watu wale wote wanafanya nini juani. Mzee Makoye akajibu kwa uchungu kwamba wanamngoja yeye tangu asubuhi, na kwamba huyu kijana kaondoa hata ng'ombe. Mgeni akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kapanda ndege miaka mingi, ila hakuna aliyewahi kumwondolea ng'ombe uwanjani. Akala ukoko, akaomba tena.

Kakubali! Naoa! Hilary kapewa nauli yake na asante.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee Mabula anarudi kesho. Yunis kaniagiza nikamkatie tiketi ya basi la alfajiri. Basi? Mkwe wangu yule? Nimeitazama simu tena: Ifakara hadi Mwanza, dakika zilezile. Nimemwambia mzee alale tu mpaka saa mbili.

Ng'ombe wanahamishwa saa kumi na mbili.