Kazi ya Ruiru na Masizi ya Sufuria

Jumatatu, 6 Aprili 1959. Thika.

Nimeachishwa kazi. Mimi, Gathogo, karani wa stoo ya sabuni tangu kiwanda kijengwe! Meneja mpya alisema anataka damu changa. Nikamwambia yangu haijaoza. Akaniambia nikabidhi funguo.

Na si kazi tu. Nyumba ni ya kiwanda, lazima tuhame mwisho wa mwezi. Dispensari ni ya kiwanda pia, na mke wangu Wakonyo bila dawa ya kifua hapumui vizuri. Tutaenda wapi? Kwa ndugu yake, Gachanja, anayetazama kila kiazi kinachoingia mdomoni mwako? Afadhali nilale na kuku.

Nina miaka hamsini na mitano. Nani ataajiri babu?

Jumatano, 8 Aprili.

Habari njema kutoka kanisani! Shamba moja la kahawa Ruiru linatafuta mwangalizi wa ghala. Nyumba ya mawe, posho, dispensari, na kiinua mgongo ukistaafu. Nikaomba hapo hapo, jicho moja wazi, nione nani mwingine amesikia. Kagwe amesikia. Huyu ni jirani yangu wa zamani, aliyefukuzwa kiwandani kwa kulala juu ya masanduku ya sabuni. Amewahi treni ya mchana, mwizi wa bahati!

Lakini nimepata ujanja. Kitambulisho changu hakina mwaka wa kuzaliwa, karani wa serikali aliandika "mtu mzima" basi. Kwa hiyo nitakuwa na miaka arobaini. Nani atabisha?

Alhamisi, 9 Aprili.

Kagwe amerudi mikono mitupu. Nilimkaribisha chai, si kwa upendo. Anasema bwana wa shamba alimtazama tu akamwambia umri wake haufai. Haufai! Na Kagwe ana thelathini na sita! Alitaka kueleza zaidi, nikamkatiza. Nimeelewa. Hawa watu wanataka watoto kabisa. Basi arobaini ni mingi mno. Nitakuwa na thelathini na mitano.

Jioni nimechanganya masizi ya sufuria na mafuta ya mbarika, nikapaka kichwani mpaka mvi zote zikazama. Wakonyo aliuliza kama nimeanguka jikoni. Akasema, Baba Ngendo, mvi ni za Mungu, nenda ulivyo. Mke mwema, lakini mambo ya kazi hayajui. Ila nimepiga hesabu nikashtuka: binti yetu Ngendo sasa ni mdogo wangu kwa miaka mitano tu.

Ijumaa, 10 Aprili.

Aibu. Aibu tupu.

Kutoka stesheni ya Ruiru nilikwenda mbio, kama kijana. Barazani alikaa bwana wa shamba, na kando yake nyapara mkuu. Nyapara akanitazama, akasimama, uso wote kicheko. Ngai! Kumbe ni Zacharia! Tulitahiriwa asubuhi moja, tukatetemeka katika mto mmoja, mwaka wa ile homa kubwa iliyoua watu. Sisi ni rika la Kimiri, ndilo jina la waliotahiriwa mwaka huo. Akafungua mikono, akaniita kwa jina la rika kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. Na kwetu mtu wa rika lako akikuita hivyo, unamwitikia vivyo hivyo, hata kama nyumba inaungua.

Lakini mtu wa thelathini na mitano atakuwaje Kimiri? Mwaka wa homa hakuwa hata tumboni! Nikainamisha kichwa, nikasema, Shikamoo, baba.

Baba! Kwa mwenzangu wa rika! Zacharia aliketi taratibu, kicheko kimemwisha. Ili kufunika mambo nikadaka gunia la kahawa bila kuambiwa, nikazunguka nalo uani. Mzunguko wa pili jasho likaja, na masizi yakaja nalo, mpaka kwenye kola nyeupe. Bwana akauliza kama mimi ndiye yule Gathogo. Zacharia akajibu kwamba kijana huyu hamjui.

Nimerudi Thika na kofia usoni. Wakonyo nimemweleza yote. Alitoa gauni lake la kanisani sandukuni, akaanza kulipiga pasi.

Jumapili, 12 Aprili.

Jana Wakonyo alipanda treni peke yake akaenda Ruiru, na kifua chake hicho! Amerudi na ukweli. Bwana wa shamba alikuwa anatafuta mzee. Vijana humtoroka kwenda Nairobi kabla mavuno hayajaisha. Ndiyo sababu Kagwe alikataliwa. Na aliyetuma habari kanisani kwetu ni Zacharia mwenyewe, kwa ajili yangu. Alikuwa ameshamwambia bwana kwamba anamjua mtu wa rika lake, mtu mkweli.

Mkweli! Nilicheka, kisha nikalia, na sikuona haya.

Nafasi bado ipo. Lakini nimekana rika, na rika lina faini yake: mbuzi. Zacharia amesema awe beberu mchanga, nyama laini, kwa sababu wengi wetu meno yametuaga. Jumanne nimpeleke, nisimame mbele ya wenzangu niseme mimi ni Kimiri. Wakonyo amenishika mkono akaniomba, safari hii tu, ninyooke. Alikohoa tangu mwanzo wa sala hadi mwisho. Nikaapa.

Jumatatu, 13 Aprili.

Mbuzi amepatikana! Kagwe siku hizi anauza mbuzi. Wachanga bei yao ni ya kuua mtu, lakini mmoja alinipa kwa huruma. Amekula chumvi nyingi kidogo, huyu beberu. Meno yamebaki mawili, ndevu nyeupe pe. Nyama ikichemka vya kutosha, nani atajua? Kiapo kilikuwa juu ya miaka yangu, si juu ya miaka ya mbuzi.

Na bahati nzuri, yale masizi hayakuisha. Sasa ndevu zake ni nyeusi tii, amekuwa kijana wa kupendeza.

Wakonyo ameshafunga mizigo, amelala akitabasamu. Kesho alfajiri mimi na beberu tunashika njia ya Ruiru kwa miguu. Mawingu yamejaa upande wa Kilimambogo. Mvua isinyeshe tu.