Jinsi Fridolin Mvuvi Alivyozishinda Tende

Njooni, enyi watu wa bonde, mlio mashambani na mlio mtoni. Tueni majembe, fungeni mitumbwi, mketi. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, maana habari hii haisimuliwi katika kelele. Nawaita kwanza ninyi, mafiga matatu, mliobeba masufuria ya vizazi na vizazi bila kuguna: nipeni ulimi, nitaje matendo ya Fridolin wa Ifakara, mwana wa Polikarpo, mtisha kambale, bwana wa nyavu na migono, aliyeingia jikoni mchana kweupe, mwanamume mzima, na asione haya.

Ilikuwa masika ya miaka ile ya hamsini, maji yamezimeza njia zote za kwenda mtoni. Kandida, mkewe Fridolin, alikuwa amejifungua binti salama salimini, lakini chakula kikamshinda. Uji aliusukuma. Wali aliugeuzia mgongo. Samaki, tena samaki wa mumewe, hakutaka hata harufu yake, na hapo moyo wa shujaa ulipata jeraha la kwanza.

Kumtunza mzazi alikuwa amekuja mama yake kutoka Idete, Bibi Scolastica, mwanamke wa kimo, mwenye sauti ya kengele ya misa ya kwanza. Sasa sikilizeni adabu ya nyumba ile: mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni wala hawakusemeshana. Mmoja akiwa na neno, alilipitisha kwa mtu wa tatu. Na kwa kuwa Kandida alikuwa hoi kitandani, balozi wa tawala hizi mbili akawa mtoto mchanga, ambaye hata jina hakuwa nalo bado.

"Mjukuu wangu," alinguruma Bibi Scolastica asubuhi hiyo, mgongo ameuelekeza mlangoni, "mwambie baba yako hivi: nilimpa binti mwenye mashavu. Leo mashavu siyaoni. Kesho lori la mpunga linakwenda Idete. Kandida asipokula leo, napanda naye, na wewe mgongoni, na mtarudi huku masika yakiisha. Wa kumlisha ni yeye aliyemwoa. Mimi leo mkono wangu hauingii kwenye sufuria."

Mtoto alipiga chafya. Fridolin, nyuma ya ukuta wa fito, aliupokea ujumbe mzima mzima, akakimbilia mlango wa chumba, kwani hakuogopa mamba wala kiboko kama alivyoogopa nyumba ile ikiwa tupu masika yote.

"Mke wangu," alisema kutoka mlangoni, "nena! Kinywa chako kinataka nini? Kikiwa majini nitakizamia. Kikiwa porini nitakifuata, hata kama tembo wamekikalia."

"Tende," alisema Kandida kwa sauti ndogo. "Zile za kuchemshwa kwenye chai, tulizokuwa tukipika kwa masista kabla hujanioa. Zinalainika, na mchuzi wake unakuwa mzito, mtamu."

Basi akatoka shujaa, akayavuka madimbwi, akafika kwenye duka la Mwarabu, akarudi na tende kavu ndani ya gazeti, na majani ya chai, na kipande cha tangawizi. Wanawake waliokuwa wakitwanga jirani walipomwona ameinama anapuliza moto, waliacha michi hewani.

"Jamani, Fridolin! Umefiwa?"

"Nimeoa," akajibu, akaendelea kupuliza.

Lakini ole! Katika maisha yake Fridolin alijua kikavu kimoja tu, nacho ni kambale wa moshi. Akawaza: kikavu ni kikavu. Akatwaa nusu ya tende zile, akazisugua kwa chumvi kama mtu anayetoa masizi, akazimwagia maji ya moto, akazisugua tena, na kwa uhakika kamili wa mtu asiyejua, akaongeza chumvi. Alipoonja, uso ulimkunjamana hadi masikio yakasogea. Kuku walizinusa, wakaenda zao.

"Mjukuu wangu," ikaja sauti kutoka ndani, "mwambie baba yako, tende hazikuvuliwa mtoni. Azioshe kwa maji matupu. Aichemshe chai kwanza, achuje majani, ndipo azitie."

Fridolin akajikusanya, akarudi vitani na nusu iliyosalia. Chai ilichemka, nyeusi, ya kutisha. Akaichuja kwa kitambaa safi, akazitumbukiza tende, akaponda tangawizi akaitia. Kisha, kwa mazoea ya mtu wa kukausha samaki, akalisukuma ndani ya moto gogo zima. Sufuria likaguruma. Mchuzi ukapungua, ukapungua, ukaanza kushika chini.

"Mjukuu wangu! Mwambie baba yako..."

Mjukuu alikuwa amelala fofofo.

Bibi Scolastica alitazama kulia, akatazama kushoto. Balozi mwingine hakuwepo ila mbuzi, na mbuzi si wa ukoo. Harufu ya utamu unaoanza kuungua ikaingia chumbani. Ndipo mama yule, aliyeilinda adabu tangu siku ya harusi bila kuteleza, akasimama mlangoni, akamtazama mkwewe machoni.

"Fridolin! Toa kuni! Toa kuni, mwanangu, tende zinaungua!"

Michi ilinyamaza uwanja mzima. Fridolin alilivuta gogo kwa mkono mtupu, akaungua vidole. "Ndiyo, mama," akasema. Kisha wote wawili wakageukia pembeni haraka, kila mmoja na haya zake.

Tende zikapelekwa ndani kwa bakuli la bati. Kandida akala moja, akatafuna kwa muda mrefu. Akala ya pili. Akaliinua bakuli, akanywa mchuzi.

"Zina moshi kidogo," alisema. "Kuna nyingine?"

Fridolin alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akalia, wala hakujali nani anamwona.

Andikeni basi, enyi mnaoandika habari za majumbe na vita vyao. Andikeni kwamba siku ile, katika bonde la Kilombero, sufuria moja la tende liliivishwa, na hakikubaki kitu ndani yake. Na kesho yake lori la mpunga lilipopiga honi barabarani, Bibi Scolastica alitoka bila mzigo wowote, akamwashiria dereva kwa mkono.

"Pita, baba. Mkwe wangu anapika."