Vibandiko vya Mimea ya Uluguru

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nafasi ya kudumu ni moja. Tunaoitaka wawili: mimi Godfrey na mwenzangu Mwanvita. Dk. Eufrazia, mkuu wa maabara, amesema ataangalia nani ameutajirisha zaidi mfumo wetu wa kumbukumbu za mimea. Kazi yenyewe rahisi. Kila mmea tuliouhifadhi una ukurasa wake kwenye kompyuta, na kila ukurasa hubandikwa vibandiko vyenye sehemu mbili, ufunguo na thamani. Ufunguo "rangi ya ua", thamani "njano". Basi. Mwanvita hubandika kimoja kimoja, kama anayechambua mchele. Mimi nimegundua API, mlango ambao programu yangu inapita na kubandika vyote kwa mkupuo. Maskini Mwanvita! Leo kila mmea nimeupa ufunguo "hali", thamani "hai". Nimempita kabla ya chai ya saa nne.

Jumanne, 13 Mei

Balaa. Dk. Eufrazia ameniita. Ameniuliza mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi tangu kabla sijazaliwa unaishije. Nimesema kwa namna fulani bado tuko nao. Hakucheka. Amefuta vibandiko vyangu vyote, akasema anataka maarifa, si wingi. Mwanvita alikuwa mlangoni, anajifanya anatafuta kalamu. Nimejifungia stoo nikatamani kulia. Nikirudi Tabora bila kazi mama atanipokea vizuri, na hilo ndilo linaloniua. Atawaambia majirani nimekuja likizo. Atawaambia hivyo miaka yote.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata ufumbuzi! Mwanvita ana ufunguo anaojivunia: "jina la Kiluguru". Mwaka mzima anapanda milima kuuliza wazee, na hajafika hata nusu. Mluguru mwenyewe, na bado anauliza! Mimi nimekwenda Bigwa tu, hapa jirani, kwa Bibi Mosi anayeuza ndizi. Nikampa shikamoo yake, nikafungua picha za mimea kwenye simu. Akataka kwanza kujua mimi mtu wa wapi. Nikasema Mnyamwezi wa Tabora. Alipiga makofi, akasema kumbe mtani wake! Nikamwambia utani tuuache msibani, hili ni suala la sayansi. Akakubali haraka, akaweka uso wa kazi. Akanitajia mimea yote bila kusita. Majina marefu kweli! Kiluguru sijui hata neno, lakini lugha tajiri unaisikia tu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimebandika. Mkupuo mmoja. Ila API ina tabia ambayo sikuijua: ufunguo ukiwa tayari upo, thamani mpya inaifuta ya zamani, wala haiulizi. Majina yote ya Mwanvita yametoweka. Nilitafuta kitufe cha kuyarudisha, hakipo. Halafu nikafikiri: yake yalikuwa nusu, yangu yametimia. Nani amepoteza hapo? Nimemnunulia soda. Ameiangalia kama imetiwa kitu. Kesho wazee wa vijiji vya mlimani wanakuja kuonyeshwa mfumo. Dk. Eufrazia ameona kurasa zimejaa, amefurahi, amesema niwaonyeshe mwenyewe. Mimi!

Ijumaa, 16 Mei

Milima ya Uluguru iniangukie yote.

Wazee walifika baada ya swala. Mzee Abdulswamad wa Kinole alivaa miwani, akasoma jina la kwanza kwa sauti. Akaifuta miwani. Akasoma la pili. Akashika meza kwa kicheko. Bibi mmoja ikabidi apelekwe nje akapate hewa. Dk. Eufrazia akamwomba Mwanvita afasiri. Alifasiri taratibu, bila huruma. Dawa ya tumbo inaitwa "Mnyamwezi kala msibani mpaka kabebwa". Dawa ya homa, "Mnyamwezi kauona mlima kalia". Ule wenye majani mapana ni "sikio la Mnyamwezi, halijaoshwa". Hivyo hivyo hadi mwisho. Mzee Abdulswamad alipoambiwa Mnyamwezi mwenyewe ni mimi, alinikumbatia. Akasema bibi aliyenitajia majina katumia haki yake ya utani, wa kumlaumu hayupo. Kwa hiyo nimelaumiwa mimi.

Kisha Mwanvita akauliza majina yake yako wapi. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikaa akafunika uso. Mmoja wa waliompa majina yale alifariki mwezi wa pili. Nimeona aibu. Kweli nimeona.

Jumamosi, 17 Mei

Dk. Eufrazia amenipa hadi Jumatatu. Majina sahihi yasiporudi, niondoke. Amesema njia ni moja: nimwombe radhi Mwanvita, tukae naye, ayatoe kichwani mimi nibandike. Na Mwanvita amekubali! Amesema twende taratibu, bado anayakumbuka karibu yote.

Nimetafakari njia nzima. Kumwomba radhi mshindani ni kumkabidhi kiti. Nikapitia Bigwa kumgombeza Bibi Mosi. Hakuwepo. Nikamkuta mumewe, Babu Abdulmajid, Mluguru wa kuzaliwa, mpole, msikivu. Amesikitika sana. Ameapa yeye si mtu wa mizaha kama mkewe. Amenitajia mimea yote upya, neno kwa neno, akisimama mara chache tu kujifuta machozi. Uzee huo, macho yanamsumbua.

Nimeshabandika.